Daktari wa Kuazima

Daktari mwenye zahanati alisafiri kwenda kumwoza binti yake, akaniachia chumba chake cha matibabu mtaani Nyakabiga pamoja na wagonjwa wake wote. Wagonjwa waliniita daktari wa kuazima. Walichungulia mlangoni, wakaniona, wakasema watakuja mwenyewe akirudi, kana kwamba malaria nayo ingesubiri harusi iishe.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni mzee Mwarabu mwenye duka la vitambaa hapo jirani. Presha yake ilikuwa juu sana, na vidonge vilikuwa vimemwishia. Nilimpa vipya. Alivitazama, akanishukuru kwa adabu, akaondoka na kuviacha mezani.

Nikaanza kuwaza. Labda nilikosea kipimo cha dawa. Nikafungua kitabu: kipimo sahihi. Labda ni uso wangu wa kitoto. Labda nilitaja kiharusi kabla ya kumuuliza habari za nyumbani. Nilipofika mahali pa kushuku kwamba huenda kitabu ndicho kimekosea, nikavitia vidonge mfukoni, nikafunga mlango na kumfuata dukani. Mzee angeweza kuanguka huku mimi nasoma.

Nilimkuta anakunja kitambaa. Nikamwomba radhi kwa makosa yangu yote niliyoyawaza, moja baada ya jingine, mpaka mkewe akauficha uso kwa mtandio akicheka.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, hayo yote mi sikuyaona," akasema. "We ulinipa dawa na mukono wa kushoto. Mutu anapewa dawa vile?"

Nimezaliwa wa mkono wa kushoto. Bibi yangu wa Gihosha alinichapa vidole kwa jambo hilohilo miaka yote ya utoto wangu, na katika kuwaza kwangu kote sikumkumbuka hata kidogo.

Nikatoa vidonge mfukoni, nikampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Akameza kimoja palepale, kwa kahawa. Nilitaka kusema neno juu ya kahawa, nikaona lingoje.

Kisha nikajaribu kumpima presha kwa mkono wa kulia pia, kwa heshima. Mkanda ukafunguka. Nikaufunga tena, ukafunguka tena.

"Dokta," akasema taratibu, "kulia ni ya kupeana. Kupima, pima na ule unaojua kazi."

Siku zilizofuata alikuja zahanati kila asubuhi kupimwa, presha ikishuka pole pole. Akimaliza, alibaki kwenye benchi akiwaita waliochungulia mlangoni. Aliwaambia waingie tu: huyu wa kuazima anafaa, ila muangalie mukono.