Mzee wa Hadwea Kwenye Upande wa Kina

Juzi asubuhi mama anayesafisha ngazi za ploti yetu hapa Syokimau alizidisha dawa ya klorini kwenye maji ya kudekia. Harufu ilipanda mpaka orofa ya tatu, ikapenya chini ya mlango, na mimi, kikombe cha chai mkononi, nikajikuta tena mtoto wa miaka kumi, nimesimama miguu mitupu juu ya saruji baridi, meno yanagongana. Kama nawe ulikulia Machakos miaka ile, huenda unalijua bwawa ninalolisema. Lilikuwa nyuma ya hoteli moja pale mjini, ukishapita jikoni na kamba za kuanikia mashuka. Vigae vyake vilikuwa vya buluu, na vilivyobanduka vilikuchana kidole usipoangalia.

Aliyenipeleka ni mama. Siku za kazi alishona suruali kiwandani kule EPZ, Athi River, na Jumamosi ndiyo ilikuwa asubuhi yake ya kupumzika. Akaamua kuitumia akikaa kwenye benchi la mbao, taulo mapajani, akinitazama. Yeye mwenyewe hakujua kuogelea na sikuwahi kumwona akichovya hata kidole. Nguo yangu ya kuogelea aliishona kwa mikono yake, mbele nyeusi, nyuma zambarau, kwa kuwa kitambaa cheusi hakikutosha.

Sababu ya haya yote ilikuwa mjomba wangu, ambaye sikumjua. Alizama katika lambo moja upande wa Ndithini kabla sijazaliwa. Ilikuwa mchana, watu wamejaa ukingoni wanamwona, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea. Nyanya aliposikia napelekwa kwenye bwawa aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea maharagwe.

"Maji yalishanichukulia mtoto mmoja," alimwambia mama. "Sasa unayapelekea mwingine?"

"Mwaitu, ndiyo sababu nampeleka," mama alimjibu, akimwita kwa neno lile letu la Kikamba la mtu anayezungumza na mama yake. Nyanya akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta.

Basi kila Jumamosi saa mbili tulikuwa pale, mimi mtoto pekee katikati ya watu wazima waliokuja kufanya mazoezi. Kocha alikuwa askari jela mstaafu, aliyetufundisha akiwa amevaa koti, filimbi mdomoni na mti mrefu mkononi wa kumvuta anayeshindwa. Na wale watu wazima, rafiki yangu, kila mmoja alikuwa na vituko vyake.

Kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa sekondari. Huyu alihesabu raundi zake kwa sauti, na kwa namna ambayo sijaielewa hadi leo, baada ya kumi na moja ilikuja kumi na nne. Nesi wa hospitali aliogelea shingo juu kama bata, kwa sababu Ijumaa jioni alikuwa saluni, na ukimrushia tone moja alikuangalia mpaka ukaomba msamaha kwa kosa la mwaka jana. Mchungaji ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote. Hakuweza kuvumilia mtu mbele yake. Alikugonga nyayo, akakupita akikunywesha maji, kisha akageuka akasema, "Samahani, Mungu akubariki."

Halafu mzee wa hadwea, mwenye duka la mabati na misumari pale mjini. Alitoka upande wa Murang'a, lakini alikuwa amefanya biashara Machakos mpaka Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Alisimama upande wa maji mafupi, mgongo ukutani, mkono mmoja umeshika bomba la ngazi, akiongea. Aliongea juu ya bei za mabati, juu ya goti lake, juu ya namna mwalimu wa hesabu anavyopiga miguu vibaya. "Nyoosha hiyo mguu! Unapiga maji kama mtu anafukuza kuku!" Mwalimu alimtii. Wote walimtii, kwa kuwa ni mtu mwenye ujuzi tu anayeweza kukosoa hivyo.

Mimi nilibaki huko huko mafupi, pamoja naye. Nilijua kuelea, nilijua kupiga miguu, lakini nikifika pale katikati ambapo sakafu iliteremka na buluu ikawa nyeusi, nilikuwa namfikiria mjomba. Nilikuwa nageuka. Mama alinifunga taulo, akanipa muthokoi wa moto, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka kwenye chombo alichokuja nacho, nikala nikitazama chini.

Mwaka ule mvua hazikuja. Wenye hoteli walisema maji ya kisima ni ya vyumba na jikoni tu, bwawa halitaongezwa. Wiki baada ya wiki maji yalishuka, na mtunza bustani naye akawa anachota ndoo zake za kumwagilia maua. Ilifika mahali upande wa maji mafupi ukawa mkavu kabisa, una majani na vyura, na ule upande wa kina niliouogopa ukawa unanifika kidevuni. Kwingine nadhani watu wangekaa nyumbani. Hawa walikuja. Walibanana wote mle ndani, mchungaji hana pa kumpita mtu, mwalimu anafikisha raundi mia kabla ya chai.

Mzee wa hadwea naye ilibidi ahamie huko. Na kwa mara ya kwanza nikamwona akiogelea. Mikono yake ilikata maji vizuri, kichwa kinageuka huku na huku. Nesi akasema, "Ona mtu mwenye anajua!"

Mimi nilipenda kuzama na miwani yangu kutazama miguu ya watu. Nikazama. Chini kule niliona mguu mmoja wa mzee umenyooka nyuma kama wa samaki, na ule mwingine, wa goti zima, unarukaruka sakafuni, tap, tap, tap, kutoka ukuta hadi ukuta.

Nilipoinuka alikuwa ananitazama.

Alinifuata nilipokuwa nimekaa ukingoni. "Kairitu," alisema, ndivyo alivyoniita, msichana kwa Kikuyu, "umeniona?"

"Nimekuona."

Akavuta pumzi. "Daktari aliniambia niingie kwa maji juu ya hii goti. Siku ya kwanza mchungaji akaniuliza kama najua kuogelea. Nikasema ndio. Sasa hiyo ndio iko na miaka miwili." Akapangusa uso. "Na wewe? Huko mbele huwa unarudi kwa nini?"

Nikamwambia habari za mjomba. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote pale. Hakunipa maneno ya kunifariji. Alisema tu, "Hata mimi nikiangalia hapo katikati huwa nashika bomba na mikono mbili." Tukakaa hivyo, mzee wa miaka hamsini na kitu na mimi, tukiwatazama wale wengine wakigongana.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa fujo. Visima vikajaa, hoteli ikafungulia bwawa maji, na Jumamosi moja tukakuta buluu imerudi kamili, na katikati nyeusi kama zamani. Kocha akapuliza filimbi. Alikuwa ameniona kipindi chote cha ukame nikienda na kurudi huko kwenye kina, akaamini nimeiva.

"Leo huyu msichana anavuka. Ukuta hadi ukuta. Wengine pisheni."

Waliotoka wakasimama ukingoni. Mwalimu wa hesabu hakusikia, akaendelea na raundi zake, na mzee wa hadwea akabaki kwenye bomba lake. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama, taulo amelikunja kifuani kama mtoto mchanga. Nikajishika ukutani. Nilitaka kusema tumbo linaniuma, lakini wote walikuwa wananitazama. Kocha akapuliza tena. Sikusogea. Mchungaji akasema, "Jipe moyo, mtoto," nami nikaanza kulia, na kulia ukiwa ndani ya maji ni aibu ya peke yake, maana hata machozi huwezi kuyafuta.

Ndipo mzee wa hadwea, palepale kwenye bomba lake, akaongea kwa ile sauti yake ya dukani.

"Kocha, ngoja. Mimi pia sijui kuogelea."

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wake wa kawaida.

"Sichezi. Sijui. Sijawahi jua. Huyu mtoto ananishinda. Kama ni kuvuka, tutavuka wawili."

Kicheko kikafa polepole. Nakumbuka masikio ya mzee yalivyobadilika rangi. Kisha akaachia bomba. Mtu wa makamo, mwenye wateja wake wawili wamesimama pale ukingoni, aliachia lile bomba mbele ya watu wote, akaanza kupiga maji kama mtu anafukuza kuku.

Sikuweza kubaki. Nikasukuma ukuta.

Tulikwenda bega kwa bega hadi sakafu ilipoanza kuteremka. Nilimsikia akihema. Pale weusi ulipoanza, alirusha mkono akakamata kamba ya kugawanya bwawa, akaning'inia juu yake kama blanketi lililoanikwa. "Enda!" alifoka, maji yakimtoka puani. "Usiningoje mimi! Enda!" Nami nikaenda. Sikutazama chini. Sikumfikiria mjomba wala mtu mwingine, nilifikiria pumzi tu, hii, na hii, na hii, mpaka vidole vyangu vikagonga kigae.

Nilipogeuka, kocha alikuwa anamvuta mzee kwa ule mti mrefu, naye anacheka kabla mtu hajamcheka, anakohoa na kucheka. Mama alikuja mbio upande wangu, akapiga magoti kwenye saruji yenye maji, sketi yake ya Jumamosi na yote, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Toka uvae sweta."

Tangu siku ile mzee aliingia kwenye mafunzo na ubao wa kuelea wa watoto. Ilimchukua miezi minane. Alipovuka mara ya kwanza, mwalimu wa hesabu alimhesabia tatu.

Leo hoteli ina wenyewe wengine. Bwawa lilijazwa udongo, wakapaweka mahali pa magari. Mchungaji alihamishiwa kanisa la mbali, kocha alirudi shambani, na mama amestaafu ushonaji, macho yamechoka. Siku hizi nikienda kuogelea kila mtu ana njia yake na saa yake mkononi. Hakuna anayemkosoa mwenzake, na sijui jina wala kituko cha mtu.

Mzee wa hadwea tulimzika mwaka jana, nyumbani kwake Katelembo, nje kidogo ya Machakos. Mwanawe mkubwa alisoma historia ya marehemu. Alisoma kwamba baba yao alijifunza kuogelea akiwa mtoto mdogo katika mito ya Murang'a, na kwamba kule bwawani ndiye aliyewafundisha wenzake wote. Nesi, mvi zimemjaa sasa, alikuwa ameketi kando yangu. Nilimgeukia, nikiwa nusu nacheka, nusu nalia.

Akanifinya mkono. "Nyamaza," alininong'oneza. "Mwache aogelee."