Utani Hauandikwi

Miaka kumi na mmoja mimi, Pelagia Lugembe, nimekuwa katibu wa Kamati ya Taaluma ya chuo chetu cha kilimo na nyuki, huku Itetemia, na miaka yote hiyo nimejisifu kwa muhtasari safi. Nilizaliwa Ipuli, binti wa karani wa reli aliyetuambia kila siku mezani kwamba kisichoandikwa hakikusemwa. Nililishika neno hilo kama katekisimu. Kamati yetu ina walimu tisa, nao ndio wanaoamua kozi ipi ifundishwe, kwa wiki ngapi, nani kafaulu na nani arudie mwaka. Walitaka mwalimu mwenzao wa kuandika bila kupotosha, wakaniona mimi. Naona haya kuyasimulia haya, lakini nitayasimulia.

Kulia kwangu alikaa Mzee Adinani, mkuu wa kozi ya ufugaji nyuki. Ni Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja Tabora kwa treni akiwa kijana, akaoa hapa na kuzeekea hapa. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, na Adinani aliufanya utani huo kuwa kazi yake ya pili. Jina langu hakulitaja hata siku moja. Aliniita mpagazi. "Shika mzigo wako, mpagazi," husema akinitupia mafaili, nami humjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma husahau hata alikomwacha mwanawe.

Baba alipofariki, Adinani aliivaa kofia ya reli ya marehemu, akazunguka msibani akipuliza filimbi na kuwadai waombolezaji tiketi. Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya vizuri kuliko ndugu zangu wa damu.

Sasa kosa letu. Kubadilisha mtaala kuna utaratibu wake: kikao cha kwanza kinasoma pendekezo, kibali kinaombwa, kisha kikao cha pili kinaamua. Sisi, Juni ya mwaka 2022, tulimaliza yote kabla ya chakula cha mchana. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wakienda wiki nane kwa wafugaji nyuki wa Ulyankulu kujifunza kwa vitendo. Gari la chuo likaharibika. Mwenyekiti wetu, Renatus, akapendekeza waende wiki mbili tu, zilizobaki wafundishwe uwanjani kwa mizinga mitupu.

Adinani akasimama. "Ajabu ya Wanyamwezi! Babu zenu walitoka hapa hadi Bagamoyo kwa miguu, mzigo kichwani. Leo wajukuu wameharibikiwa gari, hata Ulyankulu hapafikiki! Haya, wapeni watoto vyeti vya mizinga mitupu. Siku wakaguzi wakija mtajificha humo humo mizingani."

Tulicheka mpaka kalamu ikaniponyoka. Renatus alijifuta machozi. "Kaa chini, mtani, wali unapoa."

"Nasema kweli," Adinani akasema. "Jambo hili lirudi kikao cha pili."

Tukazidi kucheka. Nikaiokota kalamu, nikaandika: Wajumbe wote waliafiki. Maneno yake sikuandika hata moja, kwa maana utani hauandikwi. Mtani anaweza kukutukania babu yako na usikasirike, na sisi tuliokulia ndani ya desturi hiyo tulikuwa tumesahau kwamba anaweza pia kuwa anasema ukweli.

Baada ya miaka miwili wakaguzi wakaja. Wahitimu sitini na watatu wakaonekana wana vyeti vyenye pengo la wiki sita, wakaamriwa warudi kulijaza. Wa kwanza kurudi alikuwa Zuena, kutoka Nzega, mtoto mgongoni. Akasimama mlangoni kwangu. "Shikamoo, Madam. Kosa letu sisi ni nini?" Nikamwelekeza dirisha la pili, na kule dirisha la pili nilijua hakuna mtu.

Ikabidi apatikane wa kubeba lawama. Chuo kikaunda tume ya watu watatu, nayo ikaanza na mkuu wa kozi. Adinani akawaambia kwamba yeye alipinga. Mwenyekiti wa tume akaufungua muhtasari wangu, ule msafi, akasoma kwa sauti. Kisha akanigeukia.

"Katibu, hapa umeandika wote waliafiki. Mzee huyu alipinga au hakupinga?"

Renatus alikuwa akitazama kucha zake. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba nikilisema, muhtasari wangu ni wa uongo, na miaka yangu yote ya kusifiwa ni takataka. Nikajikohoza.

"Alisema maneno," nikajibu, "lakini alikuwa anatania."

Adinani alinitazama. Akavua miwani yake, akaiweka mfukoni. Wakamvua ukuu wa kozi, wakampa barua ya onyo, na kwa muda uliobaki kabla hajastaafu wakamhamishia stoo ya zana. Renatus akabaki mwenyekiti na mimi nikabaki katibu.

Machi mwaka huu Mama akafariki. Shangazi Dafrosa, anayejua desturi kuliko sisi wote, alikuwa ameutenga mkongojo na kitenge cha marehemu ili mtani akija avinyakue. Adinani akaja. Alivaa kanzu safi, akawapa watu mkono, akakaa kwenye benchi la wanaume. Shangazi akangoja, akachoka kungoja, akampelekea mkongojo mwenyewe.

"Mtani, vipi? Marehemu alikuwa anakungoja wewe."

"Shangazi," alijibu kwa upole, "siku hizi nasema yanayoandikwa tu."

Shangazi akatabasamu akisubiri mzaha umalizike, na kumbe ulikuwa umekwisha. Adinani akainuka, akaja nilipokaa. "Pole sana, Mwalimu Pelagia," akasema, akaenda zake.

Mwalimu! Nililia kwa sauti, na watu wakanishika mabega wakidhani namlilia Mama. Mama nilimlilia kesho yake. Siku ile nililia aibu, kwa maana nilizika bila mtani, na aliyemfukuza mtani wangu ni mimi.

Kikao cha kamati kilichofuata niliomba kusahihisha muhtasari wa 2022. Renatus alisema ulishathibitishwa zamani, mimi nikayasoma hivyo hivyo aliyosema Adinani, neno kwa neno: wajukuu, gari, Bagamoyo, kujificha mizingani. Nikasoma pia jibu langu mbele ya tume, nikasema lilikuwa uongo. Safari hii hakucheka mtu. Nikaomba kamati iuandikie uongozi wa chuo Adinani afutiwe onyo.

"Utaratibu ni vikao viwili," Renatus akasema. "Tumesoma leo. Tutaamua kikao cha pili." Kikao cha pili ni Septemba. Adinani anastaafu Juni.

Jioni ile nilimpelekea stoo nakala ya niliyoyasoma. Akavaa miwani, akasoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akaikunja karatasi mara nne.

"Umeandika vizuri, Mwalimu."

Sikuondoka. Kando ya mlango palikuwa na fungu la majembe ya kupeleka shambani, na mimi nikasimama pale mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikiomba moyoni anitupie lile neno lake, mpagazi. Akainama kulichukua fungu.

"Nipe nibebe," nikasema. "Mzee Adinani, tafadhali, nipe mimi nibebe."

"Hapana, Mwalimu," alisema, akaliweka begani. "Huu ni mzigo wangu." Akanipita mlangoni, akashika njia ya shambani.