Mafundo ya Utepe Yaliyoachwa Sahanini

Saa mbili asubuhi mjini Wete, na madirisha ya chumba cha Moza Jecha bado yamefungwa. Joto limeshapanda, lakini feni haiwashwi, maana upepo huikausha fondanti kabla haijakunjwa. Fondanti ni ile sukari ya unga iliyokandwa ikawa laini kama udongo wa kufinyanga, ya kuvishia keki.

Anaisukuma kwa kifimbo cha chapati mpaka iwe nyembamba, anaikata vipande virefu, anavipinda viwe vitanzi viwili, kisha anavijaza tishu ndani visije vikanywea. Katikati anazungusha ukanda mdogo. Fundo la utepe limekamilika, utadhani la hariri.

Mwanamke huyu wa miaka thelathini na nne hataki mgeni asogelee meza.

"Nani kakwambia habari zangu?" anamuuliza mwandishi kwa mara ya pili. Akitajiwa jina, analipima kichwani. "Haya. Kaa hapo. Lakini hiyo sufuria usiifunue."

Hakuwa hivi zamani. Mlango wake ulikuwa wazi, majirani wakiingia na kutoka, wakimega fondanti na kujilamba vidole. Kazi alijifunza kwenye simu, akaharibu sukari nyingi hadi mkono ukakaa sawa. Miezi ya harusi hakukosa shilingi laki mbili na nusu, na ndizo zilizoezeka nyumba aliyoijenga na mumewe, Mabruki, fundi wa mashine za boti.

Mambo yaliharibika mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa Bi Suhaila, mteja wake wa miaka mingi. Moza alitengeneza keki ya ghorofa tatu, fundo kubwa jeupe juu na madogo ubavuni. Wanawake ukumbini waliipiga picha na kuipigia vigelegele. Naye alikaa nyuma na hina yake mikononi, anasubiri sifa.

Sahani zilipoanza kurudi jikoni, aliona keki imeliwa, lakini mafundo yamebanduliwa na kuwekwa kando, mazima. Sahani ya kwanza hakuijali. Zilizofuata, zote vilevile.

"Nilidhani nimezidisha ndimu," anasema. "Nikaonja moja. Tamu. Ndo nikajua hapa pana neno."

Alimvuta pembeni wifi yake, Samiha, dada wa Mabruki.

"Wifi, watu wana nini?"

"Kwani hujasikia? Wanasema fondanti yako ina nguruwe."

Katika kukanda, Moza alikuwa akitia jelatini, unga unaoifanya fondanti ivutike bila kukatika. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikiwa ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, halali. Ikiwa ya nguruwe, haramu. Yake aliinunua dukani, imefungwa kwenye vifuko vidogo visivyo na maandishi. Na aliyewahi kuviona vifuko hivyo kabatini kwake ni mtu mmoja tu: Samiha.

Kesho yake alimfuata nyumbani.

"Ni wewe uliyesema."

"Mie niliuliza watu tu kama wanaijua," Samiha alijibu. "Nilikuuliza wewe kwanza, ukacheka."

Hilo la kucheka Moza analikumbuka. Lakini anakumbuka pia kwamba wiki ileile Samiha alianza kupokea oda za keki za krimu.

Akaenda dukani. "Nikamuuliza muuzaji, imetoka wapi? Kwenye gunia. Gunia liko wapi? Keshalitupa. Ya mnyama gani? Akaanza kupanga sabuni ambazo zimeshapangika."

Ustadhi Hafidh wa mtaani kwao alimsikiliza hadi mwisho. "Hakusema halali, hakusema haramu," Moza anasimulia. "Aliniuliza, una yakini nayo? Nikamwambia sina. Akasema, basi umeshajijibu."

Vifuko vilivyobaki alivifukia nyuma ya nyumba. Oda zikakatika. Waliokuwa wakimpigia simu wakawa hawapokei zake. Moza akaanza kumtilia shaka hata mumewe. "Mabruki alinyamaza tu. Nikawa namwangalia, nasema huyu mbona hanitetei kwa dadake? Au na yeye anajua kitu?"

Ahueni ilitoka kijijini Msuka, kwa mama yake mdogo, Bi Kijakazi, mkulima wa mwani. Siku aliyokwenda kumjulia hali alikuta mwani uliochemshwa umeganda ndani ya sufuria, umevutika kama gundi. Akaomba fungu, akarudi nalo kulijaribu badala ya jelatini.

Mara ya kwanza mafundo yalinuka pwani. Mara ya pili yalipasuka. Akajifunza kuuanika mwani mpaka uwe mweupe, kuuroweka kwa maji ya ndimu, kuubadilisha maji tena na tena. Mwishowe vitanzi vikalala vimesimama hadi asubuhi.

Mapema mwaka huu Bi Suhaila alibisha hodi mwenyewe.

"Nina binti mwengine anaolewa," alimwambia. "Lakini sitoki hapa mpaka nione unavyofanya."

Alikaa kwenye kigoda tangu kuoshwa mwani hadi fundo la mwisho. "Siku ya harusi nikalibandua lile kubwa, nikalila mbele ya watu wote," Bi Suhaila anasema. "Waliobaki wakafuata. Si wote."

Si wote kweli. Kipato cha Moza kimerudi nusu. "Sasa wako wanaosema mafundo yangu yananuka samaki," anasema, bila kucheka. Kinachomkosesha raha zaidi ni kingine. "Ile jelatini sijaijua ilikuwa nini mpaka leo. Miaka yote ile niliwalisha watu nini? Mungu ndiye ajuaye."

Baada ya Idi anakusudia kukodi chumba karibu na soko la Wete, afundishe wanawake kumi kutengeneza mafundo haya, na mwani aununue kwa wakulima wenzake Bi Kijakazi. Wa kwanza kuomba nafasi ni Samiha. Moza amemkubalia.

Amemsamehe? Anaubonyeza ukingo wa utepe kwa kidole gumba.

"Alikuja analia. Machozi nimeyaona, moyo wake sikuuona. Lakini ana mkono mzuri, na mie peke yangu siwezi. N'tamfundisha kila kitu, mezani, mbele ya wenzake. Akitaka kusema tena, aseme alichokiona."