Jumatatu za Matiko

Wifi yangu Matiko alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia, akarudi nyumbani kwetu Nkende bila kulalamika. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hasikii kitu, mguuni wala moyoni. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba sukari isiposhuka, safari ijayo utakatwa mguu wenyewe.

Matiko amelelewa kanisani, kwenye mifungo. Ukifunga halafu ukaonja uji saa nne asubuhi, mfungo umevunjika, utaanza upya siku nyingine. Basi na ugonjwa akaufanya vilevile. Jumatatu anaanza: ugali kidogo, mboga nyingi, vidonge asubuhi na jioni. Jumatano jirani anamkaribisha chai yenye sukari, anakunywa kwa heshima, na wiki nzima imeharibika. Mpaka Jumapili anakula kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu, na vidonge havigusi. Zilipita Jumatatu kumi na moja za namna hiyo. Nilimchukia kidogo, sitaficha.

Jumatatu ya kumi na mbili tulikwenda Mbalibali kupokea mahari ya binti wa kaka yake mkubwa. Matiko alikula ugali wa watu wawili, akashushia soda mbili. Tuliporudi jioni akapandisha mfuko wa dawa juu ya kabati.

"Nitaanza Jumatatu ijayo," akasema.

"Leo ni Jumatatu."

"Nimeshaiharibu, Bernadetha."

"Umeharibu mchana, wifi. Jioni umeiharibu saa ngapi?"

Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi mfuko ulikuwa mezani na yeye anameza kidonge cha jioni, bila furaha yoyote. Kesho yake alikunywa chai ya jirani, kikombe kizima. Mchana akala mboga, jioni akameza dawa.

Miezi mitatu baadaye tulikwenda kliniki. Nesi akampima sukari, akaugeuza mguu huku na huku, akabonyeza kidonda kilichokuwa kimefunga.

"Masharti umeyafuata siku ngapi, mama?"

Nikainamisha kichwa, maana nilikuwa nimeziona soda zake.

"Siku zote," Matiko akajibu. "Nusunusu."

Nesi akaandika kwenye kadi kwamba sukari imeshuka.

"Haya. Vaa viatu vyako vyote viwili, uende nyumbani."