Majani Kwangu, Vikonyo Kwako

Emiliana hakwenda kuomba kazi. Tuelewane hapo mapema, maana binti yake Brightness mpaka leo anasimulia vingine. Alikuwa anatoka misa ya Jumapili, anarudi Troyeville kwa miguu kupitia Bezi Valley kwa sababu dereva wa teksi alikuwa amemkera, ndipo akamwona bibi mmoja wa Kikorea uani kwake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya majani ya maboga. Si kuyakata. Kuyamenya! Anavunja kikonyo kwa kidole gumba, anauvuta ule uzi mpaka unatoka wote, anautupa pembeni, anachukua jani jingine. Mzimbabwe, au mtu wa kwao Morogoro, akijua kumenya majani ya maboga, sawa, hiyo haishangazi. Lakini Mkorea? Emiliana akasimama getini atazame vizuri.

Yule bibi naye akaona mtu kasimama getini muda mrefu, na hapo getini alikuwa amebandika karatasi ya kuomba watu wa kujitolea shambani. Akaingia ndani, akarudi na glavu. Emiliana alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kisigino, lakini mtu akishakukabidhi glavu kwa mikono miwili na kukuinamia, utasema nini? Akazivaa. Wengine huajiriwa kwa usaili, yeye aliajiriwa kwa kushangaa.

Bibi mwenyewe aliitwa Mama Yun. Shamba lake lilikuwa ua wa nyuma wa nyumba yake na ua wa jirani aliyehama, ukuta wa katikati umebomolewa. Humo mlikuwa na kabichi ndefu, figili nyeupe nene kuliko mkono wa Emiliana, vitunguu vya majani, pilipili, viazi vitamu, na majani fulani mapana yenye meno pembeni ambayo Mama Yun aliyaita kenip. Yananukia kitu kilicho katikati ya mrehani na dawa ya kuchua. Wiki ya kwanza Emiliana aliyapika kwa karanga. Alikula, akanyamaza, akasali, na tangu hapo akawaachia wenyewe.

Mboga zilikwenda kwenye mikahawa ya Wakorea kule kaskazini mwa jiji, na waliojitolea walirudi nyumbani na mfuko wa mboga kila mmoja. Waliodumu walikuwa wawili tu: Emiliana, na Firmin wa kutoka Uvira, baba wa makamo aliyelinda maegesho ya magari mjini na kuja shambani siku zake za mapumziko. Alisema anapenda kabichi kwa sababu haziibwi zikiwa na watu ndani.

"Mama, unafanya kazi bure kwa Mkorea?" Brightness aliuliza kwenye simu. Aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote, ila kukisema ni mpaka ajigonge kidole mlangoni.

"Si bure. Najitolea."

"Tofauti yake nini?"

"Anayefanya bure ananuna."

Brightness hakucheka. Tangu baba yake, Zolile, afariki, alikuwa amemwandalia mama yake chumba kwake Midrand, ndani ya ukuta wenye waya wa umeme, mahali ambapo udongo pekee uko kwenye vyungu na hata huo ni wa mwenye nyumba. Emiliana aliwahi kukaa huko siku chache, akatazama televisheni mpaka akaanza kuwaota watangazaji. Ndipo wakapatana: mama atabaki Troyeville ilimradi ana pa kwenda na watu wa kumtazama, asije akaanguka bafuni akakutwa na mende. Pa kwenda pakawa kwa Mama Yun. Siku shamba litakapoisha kwake, ni Midrand, hakuna mjadala. Kwa hiyo Emiliana alilima kwa bidii ambayo waume za watu wangeiona wangeona aibu.

Ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, viazi vimekomaa. Mama Yun alitaka kwenda kununua samaki. Kabla ya kutoka akaonyesha yale marando ya viazi yaliyotambaa uwanja mzima, akasema kwa kile Kiingereza chao cha shambani, kisicho na viungo vingi: kateni yote, chagueni yaliyo mazuri, wekeni kwenye beseni jikoni. Akaondoka.

Yaliyo mazuri! Maelekezo gani tena mtu atataka? Emiliana alikuwa anayatazama matembele hayo tangu Januari, mate yanamjaa. Hakuwahi kuuliza, kwa sababu mtu anayejua kumenya majani ya maboga hawezi kushindwa kujua matembele. Akakaa na Firmin chini, wakachuma jani moja moja, laini tupu, yale yaliyotobolewa na wadudu wakayaweka kando.

"Matembele, bien sûr," Firmin alisema. "Kwetu iko vile vile. Unatia na mawese."

"Mawese mtajua wenyewe. Hii ni ya nazi."

Wakabishana hivyo mpaka rundo likaisha. Vikonyo na mashina wakavitupa kwenye shimo la mbolea, na Firmin, ambaye hapendi kazi nusunusu, akamwaga ndoo nzima ya kinyesi cha kuku juu yake. Jikoni beseni lilijaa majani mpaka likawa na kilima. Emiliana akalifunika kwa kitambaa safi, akasimama kando yake akisubiri kusifiwa.

Mama Yun alirudi, akaweka samaki, akafunua kitambaa. Akatazama majani. Akaingiza mkono ndani ya beseni, akachokora mpaka chini kabisa, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba.

"Vikonyo viko wapi?"

"Tumetupa," Emiliana alisema kwa fahari.

Kumbe kwao ndiyo hivyo. Kwao kwenye marando kinacholiwa ni kikonyo, kinamenywa ngozi, kinachemshwa, kinakaangwa kwa mafuta ya ufuta, na jani ndilo la kutupa. Watu wana mambo! Mama Yun hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Alikaa kwenye kiti akasema maneno matatu tu: "Mume wangu. Kesho." Kisha akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Firmin alikuwa amekaa shamba lile muda mrefu kuliko Emiliana, akamweleza kwa kunong'ona. Kila mwaka, siku aliyofariki mumewe, Mama Yun anamwandalia marehemu meza ya chakula. Wali, supu, samaki, kila kitu. Na hicho kikonyo cha viazi ndicho alichokipenda yule mzee. Analima viazi kwa ajili yake.

"Na wewe ulijua?" Emiliana alimuuliza.

"Nilijua meza. Kikonyo nilikuwa naona kwa sahani tu, tayari imepikwa. Nilifikiri ni maharagwe." Akavua glavu zake. "Mama Brightness, twende tu. C'est fini. Jumatatu tutaona kama geti inafunguka."

Emiliana akaketi juu ya ndoo. Aliiona Midrand yote, na vyungu vyake. Ataanzaje kumweleza Brightness kwamba mama yake, mwenye umri huu, amefukuzwa kazi isiyo na mshahara? Lakini zaidi ya Midrand, kilichomchoma ni yule mzee wa watu, ambaye hawakuwahi hata kusalimiana, na yeye amekwenda kumwaga chakula chake kwenye kinyesi.

"Mimi sijafukuzwa bado," alisema. "Nikifukuzwa nitajua. Nipe koleo."

Akajifunga kitenge, akaingia shimoni.

Vya juu vilikuwa vimeharibika, hakuna dini itakayokubali. Alivitupa nje. Lakini kinyesi kilikuwa hakijafika chini, na huko chini vikonyo vilikuwa bado vya kijani, vimenyong'onyea kidogo tu. Akavitoa kwa mikono, kimoja kimoja, akimpasia Firmin, naye akivisuuza kwenye bomba la nje, maji haya na maji mengine, huku anaziba pua na kulalamika kwa Kifaransa. Jirani wa upande wa pili alichungulia juu ya ukuta, akasema "eish", akarudi kwake.

Mlango wa jikoni ulipofunguka, Emiliana alikuwa shimoni mpaka mapajani, nywele zimejaa taka. Mama Yun akamtazama. Akalitazama beseni la Firmin. Akachukua kikonyo kimoja, akakinusa, akakisuuza tena, akakinusa tena. Halafu akaleta ndoo ya pili, akaipindua, akaketi.

Wakamenya. Ngozi ya kikonyo cha kiazi ni nyembamba, inatoka vipandevipande, na utomvu wake unatia vidole weusi usiotoka kwa sabuni. Emiliana alishika kazi haraka, si kitu, ni uzi ule ule wa majani ya maboga, ila huu una kiburi. Mama Yun alipotosheka na bakuli, akainuka akajinyoosha mgongo.

"Kesho. Saa kumi na moja. Usichelewe."

Sasa hapo ndipo Emiliana alipokosa usingizi. Anaitwa kwenye kumbukumbu, au anaitwa afukuzwe mbele ya marehemu? Kesho yake alivaa gauni jeusi lenye kola, linalofaa kwa yote mawili, akafika kabla ya wakati, akaona bora aulize hapo hapo mlangoni.

"Umenifukuza?"

Mama Yun alifikiri. "Sikulipi," alisema. "Nakufukuzaje?" Akampisha apite. "Jumatatu tunapanda figili."

Sebuleni meza ilikuwa imesogezwa ukutani. Juu yake picha ya mzee mwenye kofia ya gofu, na mbele yake wali, supu, samaki mzima, matunda yaliyopangwa kwa utaratibu ambao Firmin, aliyekuwa ameshafika, alikatazwa kuugusa. Hakuna kitunguu saumu, hakuna pilipili, kwa sababu wafu, Mama Yun alieleza, hawali hivyo. Vile vikonyo vilikaa karibu kabisa na picha, vinang'aa mafuta. Emiliana alivitazama na roho ikatulia.

Mama Yun akaweka kijiko kwenye wali, akarudi nyuma, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Emiliana akapiga goti moja, la Kikatoliki, liwe salamu tu. Firmin, ambaye kanisa lake haliruhusu kabisa kuwalisha wafu, alisimama mlangoni amefumba macho, mikono nyuma, kama yuko zamu.

Mzee alipopewa nafasi yake ya kula, Mama Yun akamgeukia Emiliana.

"Wako naye amekufa."

"Ndiyo."

"Nani anampa chakula?"

Zolile alizikwa kwao, Eastern Cape. Ndugu zake walichinja ng'ombe, wakapika pombe, wakasema na mababu kwa Kixhosa. Yeye, mke wa kutoka Morogoro, aliketishwa kwenye godoro na blanketi mabegani, akapelekewa chai. Walimtendea vizuri, hakuna wa kulaumu. Ila hakuna aliyemuuliza chochote, na sufuria hakuigusa.

"Hakuna," alisema.

Mama Yun akaenda jikoni, akarudi na lile beseni la matembele. Alikuwa hajayatupa. Alikuwa ameyaosha na kuyaweka kwenye friji usiku kucha. "Hii? Alipenda hii?"

Hapo Emiliana akacheka, kicheko kikamtoka kwa nguvu mpaka Firmin akafumbua macho. "Zolile? Zolile hakula jani hata siku moja! Alisema mimi namfanya mbuzi. Miaka yote nimepika mboga, na miaka yote anaisogeza pembeni ya sahani. Huyo alitaka samaki wa kopo. Wale wa mchuzi mwekundu, wa pilipili. Ungempa harusini, angekula harusini."

Mama Yun akamtazama Firmin. Firmin akamtazama Mama Yun, akaitazama picha ya mzee, akatoka kwenda spaza, kile kiduka cha kona, bila kuuliza kanisa linasemaje.

Kopo lilipofika, Mama Yun aliligeuza mkononi. Palikuwa na picha ya pilipili kubwa, hata asiyejua kusoma angeiona.

"Wafu hawali pilipili," alisema.

"Wangu anakula."

Mama Yun akaliweka kopo pembeni. Kisha akamsogeza mumewe: picha kidogo kushoto, bakuli la wali kidogo kushoto, na vikonyo vikafuata. Akaleta bakuli jipya, la udongo mweupe, akalijaza wali, akaliweka kwenye nafasi iliyopatikana. Akafungua kopo. Halafu akamkabidhi Emiliana kijiko, kwa mikono miwili.

Emiliana hakuwa na picha ya Zolile ya kuweka, kwa hiyo alitazama ukuta. Akampakulia samaki kwanza, wale wakubwa, akamwaga mchuzi wote uliobaki na kukwangua kopo, maana alikuwa mtu wa kukwangua kopo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta, vidole vyake vilikuwa bado vyeusi.

"Kula, Baba Brightness," alisema. "Mboga sijakuwekea."