Pua ya Ndege na Gauni la Mama

Binti yangu wa kwanza wanamwita Kinyonga, kwa sababu harudi nyumbani na rangi aliyotoka nayo asubuhi. Anapaka rangi ndege za vita vya zamani kwenye jumba la makumbusho. Mimi nilidhani atakuwa mwalimu. Badala yake nimejifunza kutoa rangi ya mafuta kwenye nguo.

Kabla ya kupaka, lazima ajue ndege ilikuwaje enzi zake, na picha zenyewe hazina rangi. Basi hukaa sebuleni na kioo cha kukuzia, akisoma namba za ubavuni, duara la bawani na mstari wa mkiani kama wenzake wanavyosoma barua za wachumba. Huyo mchumba bado sijamwona, lakini hayo tuyaache.

Safari hii mkuu wa makumbusho alimkabidhi ndege yake ya kwanza bila msimamizi. Akikosea, anarudi kuosha brashi za wenzake. Katika picha, pua ya ndege ilikuwa nyeusi, na mkuu akasema ipakwe nyeusi.

"Mama, moyo unakataa," akaniambia.

"Moyo wako ulikataa na ualimu. Mkubwa akisema ni usiku, wewe washa taa."

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Chakula chake kilipoa mbele yake, nami nikachukua kile kioo nione kinachomsumbua.

"Hili duara lilikuwa la rangi gani?"

"Katikati nyekundu, pembeni bluu. Hilo halina ubishi."

"Mbona nyekundu imetoka nyeusi tii, na bluu imepauka kama shuka la hospitali?"

"Filamu nyingine za zamani zilikuwa hivyo, mama. Zilikuwa haziweki baadhi ya rangi sawasawa."

Hapo nikamkumbuka marehemu mama yangu. Wifi zake walimtania maisha yake yote kwamba aliolewa akiwa na nguo ya msiba, kwa sababu kwenye picha ya harusi gauni lake ni jeusi. Gauni lenyewe ninalo sandukuni. Ni la njano, kama kiini cha yai.

Nilikwenda chumbani nikarudi na vyote viwili, nikaviweka mezani. Kinyonga akatazama picha, akatazama gauni, kisha akanikumbatia na rangi zake zote.

Asubuhi nilimsindikiza. Nilisema nabeba gauni lisichafuke, ila ukweli ni kwamba nilitaka kuiona ngazi anayopandia kupaka, kama ni imara.

"Mama, hapa hatufui nguo," mkuu akasema, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Hii si ya kufua, baba. Ni shahidi."

Akamsikiliza Kinyonga akieleza kwamba pua hiyo nyeusi pichani huenda ilikuwa ya njano kama gauni, akashika picha, akakuna kidevu. "Gauni si ndege."

"Ndiyo maana naomba nisugue mahali padogo tu, kama kifuniko cha chupa," Kinyonga akasema. "Chini kukiwa na nyeusi, nitaosha brashi mpaka nistaafu."

"Haya. Kifuniko cha chupa, si sahani."

Kinyonga akapanda ngazi na msasa. Niliishika ngazi kwa mikono miwili, na kwa dua. Vumbi la kijivu likanidondokea kichwani, likafuata jeupe, halafu la kijani. Kisha msasa ukasimama.

"Mama!"

"Umeanguka?"

"Nimeangukaje na ngazi umeikumbatia? Tazama!"

Chini ya tabaka zote hizo palikuwa na kiduara cha njano. Mkuu aliteremsha miwani, akapanda mwenyewe, akakaa huko juu muda mrefu.

"Changanya njano, Kinyonga," akasema aliposhuka. "Na huyu mama yako asije tena na sanduku lake, atanibadilishia jumba zima."

Alipaka siku nne. Ngazi niliishika siku mbili za kwanza, kisha wakanitoa kwa heshima. Sasa amekabidhiwa ndege nyingine, kubwa zaidi. Nimemuuliza mara tatu ngazi yake ina urefu gani, naye kila mara ananiuliza kama chai iko tayari.