Mji wa Kulala Njiani

Shemeji yangu alikuwa kinyozi, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akikata shauri peke yake. Duka lake lilikuwa na viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, redio, na benchi la wanaongoja zamu. Jambo lolote lililomfika alilipeleka pale. Rangi ya ukuta iliamuliwa na wateja. Wateja ndio waliompa jina mtoto wake wa kwanza, na wa pili nusura apewe jina la golikipa kama dada yangu asingekuja juu. Alikuwa akisimamisha mashine, anakung'uta kitambaa, anauliza, "Mnaonaje?" Mtaa mzima ukamwita Mnaonaje, na watoto wa siku hizi hawajui kama aliwahi kuwa na jina jingine.

Mimi ni mdogo wa mkewe na sina subira na watu wa namna hiyo. Nashona nguo. Ukishapitisha mkasi kwenye kitambaa cha mtu, huna muda wa kuitisha kikao. Kwa hiyo nilimsema sana, mbele yake na nyuma yake, na yeye alicheka tu, maana shemeji ni wa kutaniwa.

Dada yangu alikuwa mpiga pasi. Alifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha dobi kilichofulia mahoteli, mashuka na vitambaa vya meza, amesimama kutwa huku mvuke unampiga usoni. Alipostaafu, vidole vyake vilikuwa laini kuliko vyangu na miguu yake imevimba kama mito ya kulalia. Alitaka kitu kimoja tu: meli. Si meli ya kumpeleka mahali. Alitaka zile za matembezi, zinazozunguka visiwani siku kadhaa kisha zinawarudisha watu palepale walipopandia. Nikamwambia, "Dada, huo si wazimu? Kwenda na kurudi palepale?"

Akasema, "Nimesimama maisha yangu yote. Sasa nataka nikae, mahali ndipo patembee."

Watoto wake wawili, ambao wako mbali na kazi zao, walichangiana wakawalipia wazazi wao safari hiyo. Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Alikuwa akitoka chumbani kwenda jikoni anashika ukuta. Tulikwenda watatu kwa daktari, mimi, yeye na mumewe, na daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema moyo umechoka. Akipumzika, ale dawa zake, asihangaike, anaweza kupata mwaka, pengine zaidi. Akisafiri, hawezi kuahidi kitu.

"Mwaka wa kulala kitandani nikitazama dari siutaki," dada alisema palepale. "Nitakwenda na meli yangu."

Daktari akamgeukia mumewe. Shemeji akatazama viatu vyake. Mimi nilingoja aseme neno, na nadhani sote tulingoja, lakini hapakuwa na mteja mle ndani wa kumuuliza, kwa hiyo akanyamaza. Basi daktari akatoa sharti moja: treni ya kwenda bandarini husafiri mchana na usiku kucha, na mgonjwa asikae kitini usiku kucha. Lazima washuke njiani, walale kitandani, waendelee kesho yake.

Dada akafurahi. "Kama ni kulala njiani, basi tulale pazuri," akamwambia mumewe. "Nitafutie mji mzuri. Na huko dukani kwako asijue mtu kwamba naumwa. Sitaki nikipita watu washushe sauti."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Shemeji alikwenda dukani akatangaza kwamba anasafiri na mama watoto, wanatafuta mji wa kulala njiani, mji wa kupendeza, mnaonaje? Watu wakalivalia njuga. Dereva wa lori alisema hakuna kama ule mji wa ziwani. Fundi saa akasema ziwani kuna mbu wa kubeba mtu na kitanda chake. Mwingine alisifu mji wenye soko la maua, ikaja kujulikana kwamba ana mpenzi kule. Watu walikaa kwenye kiti nywele zimeshaisha, hawaondoki, wanabishana. Kila jioni shemeji alirudi nyumbani na mji mpya, na kila asubuhi ulikuwa umekwisha kupingwa.

Wiki zikaenda. Tarehe ya meli ikapita, na watoto wakabembeleza ofisi ya meli mpaka wakapewa tarehe nyingine. Nilikasirika nikaenda dukani na futi yangu ya kupimia bado shingoni.

"Shemeji, unachagua mji au unachagua mke wa pili?"

Benchi zima likavunjika mbavu. Yeye naye alicheka, halafu akainama kusafisha mashine ambayo haikuwa chafu. "Bado tunaulizana, shemeji," alisema. "Haraka ya nini?"

Haraka ya nini! Mwanamke ameanza kulala ameketi, mito mitatu mgongoni, na huyu ananiuliza haraka ya nini. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikamlaani mpaka sindano ikakatika.

Mwishowe dada alimwambia asubuhi moja, "Leo usirudi bila mji. Ukirudi bila mji, nakwenda mwenyewe." Jioni alirudi na mji wa mstaafu wa posta. Huyo mstaafu alipelekwa huko alipooa, na aliueleza mbele ya kioo macho yameloa: nyumba za mawe, mto unapita chini, nyumba ya wageni juu yenye baraza na maua, na ukiamka bonde lote liko miguuni pako. Dada aliposikia akapiga makofi. Safari ikawa hiyo, na mimi nikaambatana nao kubeba mizigo, maana nilijua hapo hapakuwa na mwanamume wa kumtegemea.

Ndani ya treni alikaa dirishani amejifunga shali, hakusinzia hata kidogo. Alituonyesha kila ng'ombe. Shemeji alimshika kifundo cha mkono njia nzima, nikadhani ni mapenzi, kumbe alikuwa akihesabu mapigo.

Tulishuka mchana. Na kweli, mstaafu hakuwa ametia chumvi. Mto ulikuwepo, na nyumba za mawe zimepandana hadi juu, na juu kabisa baraza lenye maua mekundu. Kati yetu na hayo maua kulikuwa na ngazi. Ngazi za mawe, zinapanda, zinapinda, zinapanda tena. Nilimuuliza mchukuzi wa stesheni barabara ya magari iko wapi, akanitazama kama nimeuliza barabara ya kwenda mwezini. Mtaa wa zamani hauingii gari, alisema. Haujawahi kuingia.

Sasa, mstaafu wa posta alifika pale akiwa kijana na bibi harusi mkononi. Kijana wa namna hiyo haoni ngazi. Na hakuna aliyejua kwamba anamshauri mtu mwenye mgonjwa, maana walikuwa wamefichwa. Kila mmoja alitoa shauri lake kwa moyo safi. Haya niliyafikiria baadaye. Pale pale nilichofanya ni kumgeukia shemeji na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Shemeji akawageukia watu wa stesheni. Alimuuliza mchukuzi: mnaonaje, kuna chumba huku chini? Akaambiwa kuna chumba juu ya ghala la mizigo, dirisha linatazama ukuta. Akamuuliza muuza chai. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa akifagia. Alipogeuka, dada yangu alikuwa ameshapanda ngazi ya nne, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na shali kwa mwingine.

"Ukuta wa kutazama ninao nyumbani," alisema bila kugeuka.

Hakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza aliketi, midomo imebadilika rangi. Mchukuzi, Mungu ambariki, alikimbia akaleta kiti cha mbao cha chumba cha kungojea. Tukamketisha, mchukuzi akashika miguu ya mbele na shemeji akashika mgongo wa kiti, wakampandisha. Walipumzika kila kona. Wenye nyumba walitoka milangoni, na dada yangu akawa anawasalimia huku na huku akiwa juu ya kiti, anacheka kwa pumzi fupi fupi. "Mpisheni malkia," alisema. Shemeji jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu, na sikumwona akiinua uso.

Chumba kilikuwa kizuri. Kitanda kipana, dirisha kubwa, na bonde lote liko chini kama alivyoahidi mstaafu. Kitu cha kwanza dada alichofanya ni kupapasa shuka. "Hili limepigwa pasi likiwa kavu mno," alisema, akaridhika. Tulimweka dirishani akanywa chai, akatazama mto. Aliniambia, "Mdogo wangu, hata kama ningeishia hapa, si haba." Nikamwambia anyamaze, kesho ni meli.

Asubuhi hakuweza kuinuka. Miguu ilikuwa imejaa mpaka magotini, na kifua kilitoa sauti kama ya birika linalokaribia kuchemka. Mwenye nyumba alimwita muuguzi wa zahanati ya pale, mama mtu mzima, akapanda ngazi zote na begi lake, akampa sindano, akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Kisha alitutoa mlangoni, mimi na shemeji, akasema taratibu kwamba hatakiwi kusogezwa. Akishushwa ngazi zile, hatafika treni. Akiachwa palepale, atapumua kwa nafuu kidogo. Zaidi ya hapo alitikisa kichwa.

"Hospitali?" niliuliza.

"Hospitali iko safari ya kutwa, binti yangu."

Tulirudi ndani. Dada alikuwa ameshazisoma nyuso zetu. Kwenye kiti kulikuwa na nguo zake za meli, gauni jeupe nililomshonea mwenyewe, amelikunja jana jioni kwa ajili ya leo.

"Treni ni saa ngapi?" aliuliza.

Muuguzi akamfunika miguu.

"Nibebeni kama jana. Nitakaa kimya. Hata nikifika melini nikafia mlangoni, nimefika."

Shemeji akanigeukia mimi, akamgeukia muuguzi. Midomo yake ilishaanza kutengeneza lile neno lake. Dada akamuwahi.

"Waache hao," alisema. "Hapa hakuna wateja. Sema wewe. Unataka nini?"

Shemeji alisimama katikati ya chumba na mikono yake imening'inia. Nilidhani atatazama viatu. Badala yake alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia dukani kwake.

"Nataka usife. Sikutaka safari hii. Toka kwa daktari sikuitaka. Nilitaka ule mwaka, hata uwe wa kitandani, nikukalishe, nikulishe, nikutazame tu. Kila mji walionitajia nilitafuta wa kuupinga. Nilisema wakiendelea kubishana, labda hatutaondoka."

Zile wiki zote, ule ubishi wote, yule mtu niliyemcheka mbele ya benchi zima, alikuwa akimfungia dada yangu mlango kwa njia pekee aliyoijua. Roho iliniuma na bado inaniuma.

Dada alimtazama. Alipumua, akapumua tena, ndipo akapata pumzi ya kusema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliitaka meli. Mimi ni nani nikukatalie?"

"Mume wangu," alisema. "Ungesema hivyo kwa daktari, ningebaki."

Sijui kama ilikuwa kweli. Dada yangu alikuwa na kichwa kigumu, na huenda alisema hivyo kwa kuwa anampenda, au kwa kuwa mtu akifika pale huona mambo tofauti. Lakini alilisema neno hilo, na shemeji alilipokea. Aliinamisha uso kwenye lile shuka lililopigwa pasi vibaya, akalia kama mtoto, mabega yote yanatikisika. Dada akaweka mkono juu ya kichwa chake. Alikuwa kinyozi, lakini nywele zake mwenyewe dada ndiye aliyemnyoa siku zote, na niliona vidole vinapita kisogoni vinatafuta palipokua.

"Basi nikatalie sasa," dada alisema.

Shemeji aliinua uso. "Nini?"

"Nikatalie. Sijawahi kukusikia."

Alijifuta kwa kiganja. Mwanamume aliyekuwa akiuliza watu hata rangi ya mlango wake alimshika mkewe mikono yote miwili, akamkazia macho.

"Huendi," alisema.

"Haya," dada alijibu, kwa upole ambao hakuwahi kumpa mtu. "Siendi."

Treni ilipita chini, ikapiga honi, ikaondoka na watu wake. Hakuna aliyekwenda dirishani. Nililiondoa lile gauni jeupe kitini, nikalitia kwenye begi. Kutwa nzima na kesho yake shemeji hakutoka chumbani. Alimlisha kijiko kwa kijiko, akamgeuza, akamtazama tu, kama alivyotaka. Dada alikuwa akianza kusinzia na kushtuka, anauliza kama wamechelewa meli, na mumewe anamwambia huendi, umesikia, huendi. Alifariki jioni ya pili mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mumewe. Muuguzi alishafunga begi lake, mimi nilishaanza kulia kwa sauti, na shemeji yangu alikuwa bado ameinama sikioni mwake, anamkatalia.